Vipimo vya Saratani Vilivyozaliwa Wodi ya Wazazi

Kati ya mwaka 2012 na 2014 maabara moja ya California ilipokea damu za wajawazito zaidi ya 125,000. Hakuna aliyekuwa akiulizia saratani. Walitaka kujua kama mtoto aliye tumboni ana kasoro za kromosomu, hasa ile inayoleta hali ya Down, na kipimo chenyewe kilikuwa kigeni bado: mama anachomwa sindano mkononi, na vipande vya vinasaba vya mtoto vinavyoelea katika damu yake vinasomwa na kuhesabiwa. Majibu 3,757 yalionyesha kasoro. Mengi yalieleweka. Yalikuwepo machache yaliyowatoa jasho wataalamu: kromosomu hii imezidi, ile imepungua, ya tatu nayo imevurugika, mchafuko ambao kijusi hakiwezi kuwa nao na bado kikaendelea kucheza tumboni.

Vinasaba vilivyovurugika vilikuwa vya wajawazito wenyewe. Ripoti ya Diana Bianchi na wenzake, iliyotoka katika jarida la JAMA mwaka 2015, ilieleza wanawake 10 waliopata majibu yenye kasoro kisha wakakutwa na saratani: ya tezi za limfu, ya damu, ya utumbo mpana na nyinginezo. Kati ya wajawazito 39 ambao majibu yao yalionyesha kasoro ya kromosomu zaidi ya moja, saba walikuwa na saratani. Kipimo kilichotengenezwa kumchungulia mtoto kilikuwa kimemwona mama.

Illumina, kampuni iliyokuwa ikimiliki maabara hiyo, haikuchelewa. Mapema mwaka 2016 ilitangaza kampuni mpya, GRAIL, yenye kazi ya kutafuta saratani za aina nyingi katika damu ya mtu asiyeumwa chochote. Habari ilipokelewa kama jambo ambalo halijapata kutokea. Anayeijua historia ya vipimo hivi hakushangaa sana. Vimetokea mlango wa wodi ya wazazi mara nyingi kuliko tunavyokumbuka, na karibu kila mara vimekuja na ahadi kubwa kuliko kazi vilivyoweza kuifanya.

Panya, chura na mimba zabibu

Kabla ya damu, kilichopimwa kilikuwa mkojo. Mwaka 1927 jijini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa panya jike ambaye hajapevuka, ovari zake hupevuka ndani ya siku chache. Ili jibu lionekane, panya ilibidi apasuliwe. Miaka michache baadaye, kazi ya Lancelot Hogben huko Cape Town iliwapa panya nafuu na kuwahamishia mzigo vyura: yule chura wa Afrika Kusini mwenye kucha akidungwa mkojo wa mjamzito jioni, asubuhi hukutwa ametaga. Yeye hakuuawa. Alipumzishwa, akatumiwa tena. Kwa miaka mingi hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zikiagiza vyura hao kutoka Afrika na kuwafuga, na wanawake wengi wa huko waliambiwa kwamba ni wajawazito kwa sababu chura fulani alitaga usiku ule.

Kilichokuwa kikiwachokoza panya na chura ni homoni iitwayo hCG, inayotengenezwa na kondo la nyuma. Na hapo ndipo saratani inapoingia.

Wakunga na wauguzi wetu wanaijua mimba zabibu. Tumbo linakua haraka kuliko miezi yake, kichefuchefu kinamzidi mama, damu inaanza kutoka, na kilichomo ndani ni vishada vya vifuko vya maji pasipo mtoto. Akisafishwa, mara nyingi mambo huisha. Mara chache mabaki hugeuka saratani kali iitwayo koriokasinoma, ambayo hukimbilia mapafuni na kwenye ubongo. Kwa kuwa saratani hii inatokana na chembe za kondo la nyuma, haiachi tabia ya asili yake: inaendelea kumwaga hCG. Zondek mwenyewe aliliona hilo mapema. Panya walitoa jibu la mimba kwa mwanamke asiye na mimba.

Mtu aliyeichukua habari hiyo akaifikisha mwisho wake ni Min Chiu Li, daktari mzaliwa wa China aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mwaka 1956 yeye na Roy Hertz waliwapa wanawake wenye koriokasinoma dawa ya methotreksati. Hawa walikuwa watu wa kufa: uvimbe umejaa mapafuni, wanakohoa damu. Uvimbe ukayeyuka. Picha za eksirei zikawa safi. Kwa daktari mwingine yeyote wa wakati ule, kazi ingeishia hapo kwa shangwe.

Li alikuwa na namba nyingine mkononi. hCG katika mkojo wa wagonjwa hao ilikuwa imeshuka sana, lakini haikuwa imekwisha. Akasema kama homoni ipo, chembe zinazoitengeneza zipo, hata kama eksirei haizioni. Akaendelea kuwapa dawa, duru baada ya duru, wanawake ambao kwa macho ya wenzake walikuwa wamepona, na dawa yenyewe ilikuwa sumu inayochubua mdomo na kuangusha chembe za damu. Wakubwa zake waliona anawatesa watu kwa ajili ya tarakimu. Akaondolewa kazini.

Muda ukaamua. Wale walioachishwa dawa mapema, namba ikiwa haijafika chini kabisa, saratani iliwarudia. Wale ambao Li aliwatibu mpaka homoni ikatoweka hawakurudiwa. Ilikuwa mara ya kwanza saratani ya namna hiyo, iliyokwisha kusambaa mwilini, kuponywa kwa dawa peke yake, na mwaka 1972 Li akawa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker.

Mwaka huo huo Judith Vaitukaitis na wenzake walitoa kipimo cha damu kinachoitambua hCG bila kuichanganya na homoni nyingine za mwanamke zinazofanana nayo. Walitumia mbinu ambayo Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa wameianzisha katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950: kingamwili inayonasa kitu kimoja tu, pamoja na chembe za mionzi za kuhesabia kilichonaswa. Yalow alipokea Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki. Vipimo karibu vyote vya protini za saratani vilivyofuata vimepita katika njia hiyo.

Mama aliyesafishwa mimba zabibu Dar es Salaam au Kisumu leo huambiwa arudi kliniki kupima hCG mpaka ifike sifuri, kisha aendelee kwa miezi kadhaa, na huku akitumia uzazi wa mpango, maana mimba mpya ingepandisha homoni ile ile na kuvuruga hesabu. Wapo wanaoona usumbufu, wakaacha njiani. Ratiba hiyo ndiyo iliyomfukuzisha Li kazi.

Mstari mweupe kwenye jeli

Mlango wa pili ulikuwa kijusi. Mwaka 1963 huko Moscow, Garri Abelev na wenzake waliona kwamba panya mwenye saratani ya ini anatoa damuni protini ambayo kwa kawaida hupatikana kwa panya aliye bado tumboni. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov, katika mji wa Astrakhan, akaikuta protini ya namna hiyo kwa mgonjwa wa saratani ya ini. Inaitwa AFP. Ini la kijusi huitengeneza kwa wingi, mtoto akizaliwa huacha, na saratani inaporudisha chembe za ini kwenye utoto wao, uzalishaji unaanza upya.

Uzuri wa kipimo cha mwanzo ulikuwa wepesi wake. Unamimina jeli kwenye kioo, inaganda, unatoboa vishimo viwili. Kimoja unatia majimaji ya damu ya mgonjwa, kingine kingamwili. Vyote viwili vinasambaa taratibu ndani ya jeli, na vikikutana na kutambuana unatokea mstari mweupe mwembamba unaoonekana kwa macho. Hakuna mashine. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu saratani ya ini ni ugonjwa wetu hasa, damu za wagonjwa wa Dakar na Uganda zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo duniani kupimwa AFP, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ugonjwa huu ulikuwa na mizizi hapa: homa ya ini aina ya B, na sumukuvu kwenye nafaka, ambayo utafiti wa Peers na Linsell wilayani Murang'a, Kenya, uliochapishwa mwaka 1973, uliihusisha na saratani hiyo.

Mstari ukitokea, ulisema kitu kizito. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya ini hawakutoa mstari wowote, na vipimo vikali zaidi vilipokuja, watu wenye homa ya ini na makovu ya ini wakaanza nao kuonekana wana AFP. Wajawazito pia, bila shaka.

Montreal nako, mwaka 1965, Phil Gold na Samuel Freedman wa Chuo Kikuu cha McGill walikuwa na ujanja wao. Kulinganisha uvimbe wa mtu huyu na nyama nzima ya mtu yule kulikuwa kumewapoteza wengi, maana watu wawili hutofautiana kwa mengi yasiyohusu saratani. Wao wakachagua utumbo mpana, kwa kuwa daktari wa upasuaji anapokata uvimbe hukata pia kipande kizima cha pembeni. Mtu mmoja, utumbo mmoja, nyama mbili. Wakapata protini iliyomo kwenye uvimbe na isiyoonekana kwenye kipande kizima, na walipoitafuta kwingine wakaikuta kwenye utumbo wa vijusi. Wakaiita CEA.

Mwaka 1969 kundi hilo lilitangaza kwamba CEA inaweza kupimwa kwenye damu, na kwamba karibu wagonjwa wao wote wa utumbo mpana walikuwa nayo. Magazeti yalifanya kazi yake. Kwa muda fulani iliaminika kuwa kipimo cha saratani kwa tone la damu kimeshapatikana, kilichobaki ni bei. Halafu wengine wakarudia utafiti. Wavuta sigara walikuwa nayo. Wenye ini bovu walikuwa nayo. Na wenye saratani changa, ile hasa unayotaka kuikamata, mara nyingi hawakuwa nayo ya kutosha. Mwaka 1980 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ukasema wazi kwamba CEA haifai kutafutia saratani kwa watu wazima wa afya. Inafaa kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji: ikishuka ikatulia, vizuri, ikianza kupanda, mtafute haraka. Mpaka leo kazi yake ni hiyo.

Hofu ya kidole

Kwa wanaume wa Afrika Mashariki, kipimo kinachojulikana kuliko vyote ni PSA. Kilipendwa haraka, na sababu moja haihusu sayansi: njia nyingine ya kukagua tezi dume ni kidole cha daktari, na wapo wazee wetu ambao wangekubali kung'olewa jino bila ganzi kuliko kuingia chumba hicho.

PSA ni protini ya tezi dume yenyewe, yenye saratani au isiyo na saratani. Ilisafishwa na kutambuliwa vizuri mwaka 1979 na kundi la Ming Chu katika Taasisi ya Roswell Park, Buffalo. Marekani iliidhinisha kipimo chake mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia wagonjwa. Mwaka 1994 ikaidhinisha kitumike pia kusaidia kutafuta saratani, na milango ikafunguka. Mamilioni walipimwa. Namba ikipanda, mwanaume anachomwa sindano za kutoa kinyama. Kinyama kikionyesha chochote, anafanyiwa upasuaji au mionzi, na wengi walibaki na tatizo la mkojo au la nguvu za kiume kwa ajili ya uvimbe ambao ungekaa kimya mpaka wafe kwa maradhi mengine.

Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2009 ulitoa hesabu ambayo kila anayepima angepaswa kuambiwa. Vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 20 hivi kwa walioitwa kupimwa. Lakini ili kifo kimoja kizuiwe, ilibidi wanaume 1,410 wapimwe na 48 wa ziada watibiwe. Mwaka uliofuata Richard Ablin, ambaye mwaka 1970 alikuwa ameeleza antijeni ya tezi dume, aliandika katika gazeti la New York Times akiulaani upimaji huo wa jumla. Mwaka 2012 jopo la ushauri la Marekani likapendekeza usifanyike. Mwaka 2018 likalegeza, likasema mwanaume wa miaka 55 hadi 69 aamue pamoja na daktari wake. Kwetu, mazungumzo hayo ya kuamua mara nyingi hayafanyiki: mtu anapimwa kwenye hema la maonesho, anapewa karatasi yenye namba, anaondoka nayo.

Mambo ya protini iitwayo CA-125 nayapitia upesi kwa kuwa yanafanana. Robert Bast na wenzake wa Boston waliipata mwaka 1981. 125 ni namba ya kingamwili iliyofanikiwa baada ya nyingine nyingi kushindwa. Inafuatilia saratani ya ovari vizuri. Uingereza iliwaandikisha wanawake zaidi ya 200,000 kuona kama kuwapima wasioumwa kunaokoa maisha, na matokeo ya mwisho, mwaka 2021, yalikuwa kwamba vifo havikupungua.

Damu za watoto wa West Nile

Wakati mataifa tajiri yalikuwa yakitafuta kipimo kimoja cha watu wote, Uganda palikuwa pakiulizwa swali tofauti kabisa.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote mbili. Aliuandika ugonjwa huo mwaka uliofuata, na leo unaitwa kwa jina lake. Vinyama vya watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege kwenda London kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani ya chembe hizo kirusi kipya. Kirusi cha Epstein-Barr kinapatikana karibu kwa kila mtu duniani. Je, kinaleta saratani hii, au kilikutwa tu humo kama mpita njia?

Guy de-Thé, wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, aliona jibu litapatikana kwa damu ya mtoto kabla hajaugua. Hilo ni rahisi kulisema. Huwezi kujua nani ataugua, kwa hiyo unachukua damu za wote. Kuanzia mwaka 1972 timu zilizunguka vijiji vya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zikachukua damu za watoto wapatao 42,000, zikazigandisha na kuzihifadhi, kisha zikakaa kusubiri. Ilikuwa Uganda ya Idi Amin, na mkoa wenyewe ndio aliotokea. Kwamba kazi hiyo iliendelea miaka yote ile ni jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha, na wauguzi na madereva wa Uganda walioibeba hawamo kabisa katika vitabu vya historia ya tiba.

Ripoti ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1978. Watoto 14 walikuwa wameugua kufikia hapo. Damu zilizokuwa zimehifadhiwa za waliougua zilipotolewa na kulinganishwa na za watoto wenzao wa kijiji, ilionekana kwamba walikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi hicho, miezi au miaka kabla taya hazijavimba. Mtoto mwenye kiwango kilichopanda sana alikuwa na hatari ipatayo mara 30. Damu ilikuwa imesema kabla ya ugonjwa. Haikuwa kipimo cha kupeleka zahanati, kwa sababu watoto wengi wenye kingamwili nyingi hawakuugua kamwe. Ilikuwa ushahidi, na kirusi kikapata mashtaka rasmi.

Tambi za Dennis Lo

Vinasaba vinavyoelea huru kwenye damu vilitambuliwa zamani kuliko watu wanavyodhani. Paul Mandel na Pierre Métais wa Strasbourg waliviandika kwa Kifaransa mwaka 1948, miaka mitano kabla umbo la vinasaba halijajulikana. Hakuna aliyewasikiliza. Ilichukua mpaka mwaka 1977 kwa mtu kuonyesha kwamba wagonjwa wa saratani wanavyo vingi zaidi, mpaka 1989 kwa Maurice Stroun na Philippe Anker wa Geneva kuonyesha kwamba sehemu yake inatoka kwenye uvimbe wenyewe, na mpaka 1994 ndipo hitilafu mahususi za jeni za saratani zikasomwa ndani ya damu.

Mtafiti Dennis Lo alikuwa ametumia miaka minane akizitafuta chembe za mtoto katika damu ya mama, zikimchenga. Mwaka 1996 akasoma kwamba uvimbe unamwaga vinasaba kwenye majimaji ya damu, akafikiri: mtoto na kondo lake la nyuma wanakua ndani ya mama kwa namna inayofanana na uvimbe, tena ni wakubwa zaidi. Kama uvimbe unaacha alama, wao je? Yale majimaji ya njano yanayobaki juu damu ikizungushwa yalikuwa yakitupwa siku zote, na yeye mwenyewe alikuwa ameyatupa. Hakuwa na namna ya kisasa ya kuvisafisha vinasaba vilivyomo, na amesimulia kwamba wazo lilimjia akifikiria anavyopika tambi za pakiti. Akachemsha. Kwa maikrolita 10 tu za majimaji yaliyochemshwa, alipata kromosomu ya kiume kwa wanawake 24 kati ya 30 waliobeba watoto wa kiume. Ripoti ilitoka katika Lancet mwaka 1997, na kutokana nayo kikazaliwa kile kipimo cha wajawazito cha California. Saratani ilimfundisha Lo kuhusu mimba, na mimba ikarudisha fadhila.

Vipande vyenyewe ni vifupi, vingi vikiwa na herufi zipatazo 166, na havikai: baada ya saa moja au mbili nusu yake imeshaondoshwa mwilini. Udhaifu huo ndio faida yake kwa mgonjwa anayefuatiliwa, kwa kuwa damu ya leo inaeleza uvimbe wa leo. Kwa anayetafuta saratani changa ni shida: uvimbe mdogo unatoa vipande vichache vinavyopotea kati ya vile vya chembe za kawaida zinazokufa kila dakika, na kazi inakuwa ya kuchagua chuya kwenye gunia la mchele.

Melbourne, mji ambako Thomas Ashworth aliona mwaka 1869 chembe za saratani ndani ya damu ya maiti kwa darubini, umetoa mojawapo ya majaribio bora ya zama hizi. Jeanne Tie na wenzake waliwachukua wagonjwa 455 waliokatwa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili. Kwa kundi moja, damu iliamua: vipande vya uvimbe vikionekana baada ya upasuaji, mgonjwa anapewa dawa za kemikali, visipoonekana, anaachwa. Waliopewa dawa walishuka kutoka asilimia 28 hadi 15, na baada ya miaka miwili waliokuwa hawajarudiwa na saratani walikuwa karibu sawa pande zote. Hayo ni ya mwaka 2022. Hoja ya Li imegeuzwa upande wa pili: namba iliyomfanya aendelee na dawa sasa inamruhusu daktari asizianze.

Kipimo cha GRAIL nacho kilitoa hesabu zake katika Lancet mwaka 2023. Watu 6,621 wa miaka 50 na zaidi walipimwa. Kipimo kiliwataja 92; 35 walikuwa na saratani kweli, 57 hawakuwa nayo. Ndani ya mwaka huo saratani zilizogunduliwa kwa njia zote zilikuwa 121, maana yake 86 zilipita bila kuonwa na kipimo. Baadhi ya zilizokamatwa hazina upimaji mwingine wowote wa kawaida, na hilo si dogo. Lakini anayeambiwa na wakala wa hospitali ya nje kwamba damu yake ikiwa safi basi hana saratani, anauziwa kitu ambacho waliokitengeneza hawakukisema.

Kuna mahali ambapo kutafuta kumefanikiwa, na inafaa kuangalia kwa nini. Kusini mwa China saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, ni ya kawaida, na karibu siku zote imebeba kirusi cha Epstein-Barr, kile kile cha watoto wa Kampala. Kundi la Lo huko Hong Kong lilipima vinasaba vya kirusi hicho kwenye damu za wanaume 20,174 wasio na dalili, wenye miaka 40 hadi 62, na mwaka 2017 likaripoti saratani 34, nyingi zikiwa changa. Saratani moja, kirusi kimoja, jinsia moja, umri maalumu, eneo moja. Damu iliulizwa swali finyu.

Swali la namna hiyo limeulizwa pia Dar es Salaam, Moshi na Gulu. Mradi uitwao AI-REAL, ulioongozwa kutoka Oxford kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, hospitali ya KCMC na hospitali ya Lacor, iliyo ng'ambo ya Mto Nile ukitokea West Nile, ulichukua damu ya mtoto mwenye uvimbe na kutafuta ndani yake vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr pamoja na hitilafu za jeni za ugonjwa wa Burkitt. Saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Njia ya kawaida inahitaji daktari wa kukata kinyama, fundi wa kukiandaa na mtaalamu wa kukisoma, nao ni wachache. Majibu huchukua wiki, na mtoto hana wiki.

Kazi yenyewe haina fahari. Damu inachukuliwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau na inatakiwa izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache. Ikicheleweshwa kwenye joto, chembe nyeupe zinapasuka na kumwaga vinasaba vyake mpaka vya uvimbe havionekani tena. Zipo chupa maalumu zinazoshikilia chembe zisipasuke kwa siku kadhaa, nazo ni ghali. Kwa mtoto anayetoka mbali na barabara ya lami, aina ya chupa iliyopo zahanati ina uzito sawa na mashine ya kusoma vinasaba iliyopo mjini, na bajeti za hospitali zetu bado hazijaipa fungu lake.